Ustawi wa jamii Kiganjo: Nani hasa mwenye jukumu?

MKAZI wa Kiganjo, mjini Thika, anapofikwa na shida inayowashinda jamaa na majirani, jambo la kwanza linalomtatiza ni mahali pa kwenda. Ofisi za kuwahudumia wanyonge zipo, tena baadhi yazo zina sheria madhubuti nyuma yake. Lakini zimegawanywa kati ya serikali ya kaunti na serikali ya kitaifa, na mpaka kati ya hizo mbili hauonekani kwa ajuza aliyesimama mlangoni na mjukuu mgonjwa mgongoni.

Zamani jibu lilikuwa rahisi kidogo: nenda kwa baraza la mji. Baraza hilo halipo tena. Makala haya yanaeleza ilikotoka kazi ya ustawi wa jamii, walioirithi, na jinsi inavyomfikia au inavyomkosa mkazi wa mtaa huo.

Kiganjo ipi?

Jina hili huwachanganya wengi. Kuna Kiganjo ya Nyeri, inayojulikana nchini kote kwa chuo chake cha mafunzo ya polisi, na kuna wadi ya Kiganjo katika eneo bunge la Gatundu Kusini. Tunayoizungumzia hapa ni Kiganjo ya Thika, mojawapo ya mitaa ya watu wa mapato ya chini iliyouzunguka mji huo wa viwanda, sawa na Kiandutu na Landless. Katika lugha ya Kikuyu kiganjo ni mahali palipokuwa na makao ya watu yakahamwa, na msomaji wa Kiswahili atakumbuka kwamba neno ganjo lina maana iyo hiyo. Leo mtaa umejaa watu, si mahame.

Watu hao walivutwa na kazi. Thika ilitangazwa kuwa mji mwaka wa 1924, ikiwa katikati ya mashamba ya mkonge na kahawa, kisha vikaja viwanda vya ngozi, nguo, mikebe na usindikaji wa mananasi. Vibarua walitoka Murang'a, Ukambani, Nyanza na Magharibi. Viwanda vingi vya nguo nchini vilipodorora katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba ikafurika, wapo waliobaki mjini bila ajira na bila shamba la kurudi. Jina la Landless linajieleza lenyewe. Mtu wa namna hiyo akiugua au akizeeka, ukoo ambao kwa desturi ungembeba uko mbali, na pengine haupo kabisa. Ndiyo maana kazi ya afisa wa ustawi wa jamii huwa nzito zaidi mjini kuliko kijijini, ijapokuwa umaskini upo kote kuwili.

Enzi za baraza

Huduma za jamii katika miji ya Kenya hazikuanza kwa huruma tupu. Wakoloni walitaka wafanyakazi Waafrika watulie katika mitaa waliyotengewa, hivyo mabaraza ya miji yakajenga kumbi, yakaanzisha michezo ya kandanda na madarasa ya kushona, na kuajiri maafisa wa kushughulikia maslahi ya Waafrika. Jijini Nairobi, ukumbi wa Pumwani na ule wa Kaloleni ni mabaki ya sera hiyo. Wafanyakazi wa maendeleo ya jamii walifunzwa katika Shule ya Jeanes huko Kabete, iliyogeuzwa baadaye kuwa chuo cha utawala cha serikali. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka wa 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa, na serikali ya kikoloni ilikitumia katika vijiji vya Mkoa wa Kati kuwavuta wanawake upande wake dhidi ya Mau Mau. Katika eneo kama Thika, basi, wazee wa zamani walikuwa na sababu ya kumtilia shaka mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa ustawi.

Baada ya uhuru mabaraza yalipewa mamlaka mapana. Kisha serikali kuu ikaanza kuyapunguza. Mwaka wa 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoyanyang'anya mabaraza ya wilaya shule za msingi, afya na barabara, kuanzia Januari 1970. Manispaa kubwa ziliachiwa majukumu zaidi, na hapo ndipo idara za huduma za jamii zilipoota mizizi. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265, iliyoanza kutumika mwaka wa 1977, manispaa iliweza kuendesha shule za chekechea, kumbi za jamii, vikundi vya akina mama, nyumba za kupangisha kwa bei nafuu, na hata mazishi ya maiti zisizokuwa na wenyewe. Jiji la Nairobi lilifika mbali kuliko wengine: lilikuwa na makao ya watoto na pia makao ya wazee wasiojiweza, Mji wa Huruma.

Neno 'iliweza' lina uzito wake. Sheria iliiruhusu manispaa kufanya mambo hayo lakini haikumpa mkazi haki ya kuidai huduma hiyo. Mwaka ambao ushuru ulikusanywa vizuri, chekechea ilipakwa rangi. Mwaka ambao mishahara ilicheleweshwa, idara ya jamii ilikuwa ya kwanza kukosa petroli.

Nafuu ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990. Sheria ya mwaka wa 1998 iliunda hazina maarufu kama LATF, iliyoyatengea mabaraza asilimia tano ya kodi ya mapato. Kuanzia mwaka wa 2001 mabaraza yalitakiwa kuwaita wakazi na kuwauliza wanataka mradi gani ndipo yapewe fedha kamili. Ilikuwa hatua njema. Hata hivyo, mikutano hiyo ilizaa zaidi vyoo, mabomba na madarasa kuliko wafanyakazi wa ustawi. Diwani aliweza kuzindua darasa mbele ya umati. Hakuna utepe wa kukatwa pale afisa anapomtembelea mjane mara ya nne kuhakikisha watoto wake wangali shuleni.

Mabaraza yote 175 yalifikia kikomo baada ya uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013. Majengo na wafanyakazi wa Manispaa ya Thika na ya Ruiru viliingia mikononi mwa Kaunti ya Kiambu.

Mgawanyo wa mwaka 2010

Katiba ya 2010 inaahidi mengi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii na kuitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu. Kifungu cha 53 kinawalinda watoto, cha 54 watu wenye ulemavu, na cha 57 wazee. Ila ukitaka kujua nani atatimiza ahadi hizo, sharti usome Jedwali la Nne, linalogawanya kazi kati ya ngazi mbili za serikali.

Kaunti zimepewa afya, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kulelea watoto, michezo, udhibiti wa dawa za kulevya, makaburi na ushirikishaji wa wananchi. Ulinzi wa watoto kwa mujibu wa sheria, misaada ya fedha kwa wazee na mayatima, na usajili wa vikundi vya kujisaidia vimebaki kwa maafisa wa serikali ya kitaifa walioko katika makao ya kaunti ndogo. Kwa hiyo mtoto wa Kiganjo mwenye umri wa miaka minne ni wa kaunti akiwa darasani chekechea, lakini akipigwa na mlezi wake jioni ya siku hiyo anakuwa wa afisa wa watoto wa serikali ya kitaifa. Akivunjika mkono anarudi kwa kaunti, maana hospitali ni yake.

Nchi nyingine zilichagua njia tofauti. Uingereza, tulikonakili muundo wa mabaraza yetu, ilipitisha sheria mwaka wa 1970 iliyolazimisha kila baraza kubwa kuwa na idara moja ya huduma za jamii, baada ya kamati kugundua kwamba familia moja ilikuwa ikitembelewa na maafisa wa idara kadhaa wasiojuana. Kenya ilikuwa imeshaondoka chini ya utawala wake na haikuurithi mpango huo. Karibu zaidi, Tanzania, katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliweka wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto moja kwa moja kwa halmashauri, na ofisa ustawi wa jamii wa Tanzania hufanya kazi ndani ya halmashauri hiyo. Uwezo wa kifedha wa halmashauri ni suala jingine, lakini angalau mwananchi anaujua mlango.

Watoto

Kesi zinazowashughulisha zaidi maafisa wa watoto nchini ni za kutelekezwa: baba ametoweka, au yupo lakini hataki kutoa matumizi, au mama ameenda kutafuta kazi na kumwachia bibi watoto watatu. Kabla ya 2010 mwanamume ambaye hakumwoa mama wa mtoto aliweza kujificha nyuma ya sheria. Katiba iliufunga mwanya huo kwa kuwapa wazazi wote wawili wajibu sawa, wawe wameoana au la.

Afisa wa watoto huanza kwa kuwaita wazazi na kuwapatanisha. Makubaliano yanaandikwa na kutiwa sahihi. Yasipoheshimiwa, suala linapelekwa katika mahakama ya watoto, nayo yaweza kuamuru malipo, kumweka mtoto chini ya uangalizi au kumkabidhi mlezi mwingine. Mtoto aliye hatarini huweza kuondolewa nyumbani mara moja. Thika ina bahati kwa jambo moja: mji huo una mojawapo ya vituo vichache vya serikali vya kuwahifadhi kwa muda watoto waliookolewa, ilhali kaunti nyingi hazina hata kimoja na mtoto hulala kituo cha polisi.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, ndiyo iliyoujenga mfumo huu. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyopandisha umri wa mtoto kuweza kushtakiwa kutoka miaka minane hadi kumi na miwili, na kutambua kafala, utaratibu wa Kiislamu wa kumlea mtoto bila kumbadilisha nasaba. Sera nayo imegeuka. Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warejeshwe kwa familia badala ya kukulia katika taasisi. Thika, iliyokuwa na nyumba nyingi za mayatima zilizofadhiliwa na wageni, inaguswa na mabadiliko hayo kuliko miji mingi. Kumrejesha mtoto kwa shangazi yake ni jambo la busara iwapo kuna mtu atakayepita baada ya miezi mitatu kuuliza hali. Asipokuwapo mtu huyo, mtoto atakuwa amehamishiwa tu shida nyingine.

Maafisa walioajiriwa ni wachache mno kulinganisha na watu wanaowahudumia. Pengo linazibwa na watu wawili. Wa kwanza ni mkazi wa kujitolea anayemsaidia afisa wa watoto mtaani. Hana mshahara, na mara nyingi nauli hutoka mfukoni mwake. Wa pili ni mhudumu wa afya ya jamii. Mwaka wa 2023 wahudumu hao walipewa jina jipya na vifaa, na posho ya Sh5,000 kwa mwezi ikagawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali ya kitaifa na ile ya kaunti. Wao ndio wanaoingia ndani ya nyumba. Wakipima shinikizo la damu la bibi, wanaona pia mjukuu ambaye hayuko shuleni. Mashirika yenye makao Thika kama Action for Children in Conflict na Macheo yamekuwa yakifanya kazi iyo hiyo kwa miaka mingi miongoni mwa familia za mitaa ya mabanda, na ni haki kusema kwamba mambo kadhaa ambayo mkazi hudhani yamefanywa na serikali yamefanywa na wao.

Kuna wale waliotoka kabisa nyumbani. Chokoraa wa Thika huonekana karibu na steji na sokoni, na wengine huchakura katika jaa la Kang'oki. Zamani walikamatwa kwa uzururaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 1997. Mwaka wa 2003 serikali iliunda hazina ya kurekebisha maisha ya familia za mitaani, ikiwekwa kwanza chini ya wizara iliyosimamia mabaraza. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 wanaoishi mitaani nchini kote. Kila mara operesheni ya kuwaondoa mjini ilipofanywa bila mpango wa mahali pa kuwapeleka, walirudi baada ya siku chache.

Wazee na Sh2,000

Mpango unaojulikana zaidi na wakazi ni ule wa Inua Jamii. Ulianza kwa mayatima: mwaka wa 2004 familia 500 za Kwale, Garissa na Nairobi zilianza kupewa fedha kila mwezi kwa majaribio, wakati ambapo ukimwi ulikuwa umewaachia mabibi mzigo wa wajukuu. Wazee walifuata miaka michache baadaye, kisha watu wenye ulemavu mkubwa. Katika mwaka wa kifedha wa 2017/18 serikali ilitangaza kuwa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi asiye na pensheni ataingizwa.

Kiwango ni Sh2,000 kwa mwezi, na kimebaki hapo tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010 ilhali bei ya unga, mafuta na kodi ya nyumba imepanda mara kadhaa. Kwa hesabu ya kawaida ni chini ya Sh67 kwa siku. Fedha hizo pia zimekuwa zikichelewa, wakati mwingine kwa miezi, hata mzee akalipwa za nyuma kwa mkupuo baada ya kuwa amekopa dukani hadi akakatazwa. Licha ya hayo, hakuna msaada mwingine unaopatikana mkononi mwa mzee mwenyewe bila kupitia kwa mtoto wake au kwa mwanasiasa, na heshima inayoletwa na jambo hilo si haba. Bibi mwenye fedha zake hupewa kiti.

Kikwazo kikubwa ni karatasi. Wazee wengi waliandikishwa vitambulisho kwa kukisia mwaka wa kuzaliwa: karani aliuliza tukio gani unalikumbuka, akaandika alichoona kinafaa. Matokeo yake ni mtu mwenye miaka 75 ambaye kitambulisho kinamsema ana 66. Mashine haiulizi mvi. Marekebisho yanawezekana lakini huhitaji ushahidi na safari nyingi, na hapo ndipo afisa wa maendeleo ya jamii, chifu na mzee wa mtaa wanapokuwa na faida kubwa, endapo hawaombi chai.

Wenye ulemavu wana njia ya ziada. Usajili katika baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, huanzia kwa daktari wa hospitali ya umma. Thika imekuwa kitovu cha elimu yao tangu Jeshi la Wokovu lilipoanzisha shule ya wasioona mwaka wa 1946 na baadaye shule ya Joytown kwa walemavu wa viungo. Inasikitisha kwamba mtoto asiyeona huletwa Thika kutoka mikoa ya mbali kusoma, na bado mtoto kama huyo wa mtaa wa jirani huweza kufichwa nyumbani kwa sababu hakuna aliyewaambia wazazi wake.

Ofisi ya hospitalini

Katika hospitali ya Thika Level 5 kuna afisa wa ustawi wa jamii ambaye wagonjwa wengi hawamjui hadi siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kazi yake ina umri wa zaidi ya miongo mitatu, tangu ada zilipoanzishwa katika hospitali za serikali mwaka wa 1989 na ikabidi awepo mtu wa kuamua nani hana uwezo wa kulipa. Anauliza maswali, anapiga simu kwa jamaa, kisha anapendekeza mgonjwa asamehewe bili yote au sehemu yake.

Ni kazi inayomweka mtu pabaya. Hospitali inataka mapato. Mgonjwa anataka kwenda nyumbani. Mwaka wa 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wagonjwa kwa sababu ya bili, kama walivyofanyiwa akina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani ilipokuwa chini ya Baraza la Jiji la Nairobi, ni kukiuka haki zao. Uamuzi huo ni wa kukumbukwa na yeyote anayeambiwa kwamba hatatoka wodini.

Tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF ilibadilishwa na mpango wa SHA. Asiye na ajira rasmi hujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake, mfumo unakadiria mapato yake, naye hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, si chini ya Sh300 kwa kila mwezi. Kwa kibarua wa Kiganjo anayelipwa kwa siku, kulipa Sh3,600 au zaidi kwa mkupuo ni mtihani. Anayejisajili akiwa tayari kitandani hupata taabu zaidi, na mara nyingi ni afisa huyo wa ustawi anayemsaidia kujaza.

Pombe na mradi wa Kaa Sober

Hakuna jambo lililotikisa familia za Kiambu kama pombe ya bei rahisi. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, maarufu kama sheria ya Mututho, iliweka saa za kunywa. Mwezi Mei 2014 pombe iliyochanganywa na kemikali hatari iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwemo. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza msako mkali, wanasiasa wakaongoza umati kumwaga pombe na kuvunja baa. Watu walishangilia. Waraibu walibaki na uraibu wao.

Mwaka wa 2018 serikali ya kaunti, chini ya gavana Ferdinand Waititu, ilijaribu jambo tofauti kwa mradi uliopewa jina la Kaa Sober. Maelfu ya walevi walisajiliwa, wakapewa kazi za kufyeka vichaka na kuzibua mitaro kwa Sh400 kwa siku, huku wakipata ushauri nasaha. Wapo waliochekelea kwamba kaunti inawalipa walevi fedha za kunywa. Wengine walihoji matumizi ya pesa za umma. Mradi haukudumu, Waititu mwenyewe aliondolewa mamlakani na Seneti Januari 2020 kwa mashtaka ya ufisadi.

Mwandishi wa makala haya haoni kwamba wazo lilikuwa baya. Mraibu anahitaji shughuli ya kuijaza siku yake na mtu wa kuzungumza naye, na wazo hilo lilikuwa na vyote viwili. Kilichokosekana ni kile ambacho idara ya ustawi inatakiwa kuwa nacho: kumbukumbu za kila mtu, mshauri yule yule kwa muda mrefu, na bajeti isiyofungwa na jina la gavana. Mradi wa kitaifa wa Kazi Mtaani, uliowalipa vijana wa mitaa ya mabanda kusafisha mazingira kuanzia mwaka wa 2020 wakati wa Covid-19, ulikumbwa na hali hiyo hiyo ulipokoma mwaka wa 2022.

Vikundi na karo

Kwa wakazi wengi, hasa wanawake, sababu ya kukanyaga ofisi ya maendeleo ya jamii ni cheti cha kikundi. Chama kisicho na cheti hakiwezi kufungua akaunti ya benki wala kuomba mkopo wa Hazina ya Wanawake, iliyoanza 2007, au Uwezo, iliyofuata baada ya uchaguzi wa 2013. Sheria ya kusajili vikundi vya jamii ya mwaka 2022 iliweka utaratibu rasmi: kikundi kiwe na wanachama wasiopungua kumi, katiba yake, viongozi waliochaguliwa na kumbukumbu za mikutano. Afisa mzuri hutumia fursa hiyo kuwafunza kuweka hesabu, kwa kuwa vyama vingi huvunjika kwa ugomvi wa daftari kabla havijavunjwa na umaskini.

Karo ni hadithi nyingine. Elimu ya msingi haijatozwa karo tangu Januari 2003, lakini ya sekondari ina gharama zake, na basari za wadi zilizotolewa na kaunti zilikuwa msaada uliotegemewa sana. Mapema mwaka 2025 Mdhibiti wa Bajeti aliagiza kaunti zisitoe basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, kwa hoja kwamba sekondari si jukumu lao. Kaunti zilikimbilia mahakamani, na agizo likasimamishwa. Kisheria Mdhibiti alikuwa na hoja. Kwa mzazi aliyekuwa akisubiri hundi ili binti yake aripoti kidato cha kwanza, Jedwali la Nne la Katiba lilikuwa limeingia jikoni kwake bila hodi.

Aendaye kutafuta huduma

Kwa suala la mtoto, unyanyasaji, matumizi au malezi, ofisi ni ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo mjini Thika. Simu ya bure nambari 116 hupokea ripoti mchana na usiku, na mtoa habari halazimiki kujitaja. Dhuluma za kijinsia huripotiwa kwa nambari 1195. Aliyebakwa afike hospitalini ndani ya saa 72 na asioge kabla ya kupimwa. Hospitali kwanza, polisi baadaye.

Fedha za wazee, mayatima na walemavu, pamoja na usajili wa vikundi, ni za afisa wa maendeleo ya jamii wa serikali ya kitaifa. Chekechea, chuo cha ufundi, bili ya hospitali na maziko ya asiye na jamaa ni za kaunti. Popote aendapo, mkazi abebe kitambulisho chake, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha kifo iwapo mzazi amefariki, na barua ya chifu. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachokosekana mara nyingi, na kukipata kwa mtoto ambaye mama yake alijifungulia nyumbani huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo ni heri ombi hilo litangulie kabla ya shida kubisha. Na mkazi akiambiwa kwamba amekosea ofisi, aombe jina la ofisi sahihi liandikwe kwenye karatasi, pamoja na jina la afisa aliyemwelekeza.